Uzamivu Nikiwa Kazini: Shajara ya Utafiti wa Fomu za Darasani

Agosti 2022

Barua ya udahili imekuja na ada ya awamu ya kwanza nimelipa. Ni uzamivu katika uongozi wa elimu, kwa masafa, huku nikiendelea na kazi yangu ya mwalimu wa taaluma. Muda wa kawaida ni miaka minne. Ukomo wa usajili ni miaka saba. Hiyo saba niliitafuta kwenye kanuni kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Matangazo ya vyuo yote husema "utasoma kwa kasi yako", na ni kweli, ila kasi hiyo ina mwisho wake, na mwisho wenyewe haumo kwenye tangazo. Umo kwenye kanuni za masomo ya juu, huko kurasa za katikati watu wasikofika.

Kabla ya kuomba niliandikia ofisi za udahili za vyuo kadhaa. Sikuuliza habari za unyumbufu wa ratiba, maana hapo wote wana jibu moja. Niliuliza ithibati ya programu yenyewe, mbali na ile ya chuo kwa ujumla, na kama mamlaka inayotambua vyeti inaikubali ikisomwa kwa masafa. Niliuliza msimamizi hupangwa lini: wakati wa kudahiliwa, au baada ya mwanafunzi kuhangaika peke yake mwaka mzima? Niliuliza kama maktaba ya mtandaoni inamfungulia mtu aliye mbali makala kamili au muhtasari tu. Na mahudhurio ya ana kwa ana, mara ngapi na majira gani ya mwaka. Chuo kilichozungukazunguka kwenye swali la msimamizi nilikiacha hapo hapo, japo ada yake ilikuwa nafuu.

Kazini wameshaanza kuuliza kama hii ni digrii "ya kweli". Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiohudhuria madarasa yake mwaka 1858. Chuo kikuu cha UNISA cha Afrika Kusini kiligeukia masomo ya posta mwaka 1946, Open University ya Uingereza ilipata hati yake mwaka 1969, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992. Jambo lenye umri huo halihitaji nilitetee mimi kwenye ofisi ya walimu.

Swali la maana zaidi ni la aina ya uzamivu. Harvard ilianza kutoa Ed.D., yaani uzamivu wa elimu, baada ya kufungua shule yake ya elimu mwaka 1920, na kwa miaka mingi wapo walioiona kama PhD iliyotolewa makali. Mwaka 2007 vyuo kadhaa vya Marekani viliungana katika mradi uliobeba jina la Carnegie ili kuipa Ed.D. sura yake yenyewe: tasnifu ijengwe juu ya tatizo ambalo mtu analikuta kazini kwake. Programu yangu imefuata mkondo huo. Ndiyo sababu nimeichagua, na nahisi ndiko taabu yangu itakakotokea pia.

Oktoba 2022

Ratiba. Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri mpaka saa kumi na mbili na nusu. Ijumaa hakuna kitu. Jumapili mchana, kazi ndefu moja. Wiki za mitihani na za kuandaa ripoti za muhula nimezipiga mstari kwenye kalenda mapema: hizo hazihesabiki, na sitajilaumu kwa sababu yake. Wanaosoma nami kwenye kundi letu wengine wanapanga usiku. Mimi usiku huwa nimeshamaliza maneno yote niliyopewa kwa siku hiyo.

Mkuu wa shule amesaini barua ya ruhusa. Alipomaliza kusaini hakuirudisha mara moja.

"Mwalimu, nisije nikasikia ripoti zimechelewa kwa sababu ya uprofesa wako."

"Hazitachelewa, Mkuu."

"Na ukishamaliza usituhame."

Hilo la pili nilicheka tu.

Februari 2023

Mada niliyoombea nafasi ilikuwa mtindo wa uongozi wa wakuu wa shule na ufaulu wa wanafunzi. Nimepeleka kurasa za kwanza. Profesa, msimamizi wangu, akafungua kamera, akanisalimia vizuri, akauliza hili limeshaandikwa mara ngapi.

Ana haki. Ukifungua hazina ya tasnifu ya chuo chochote utakutana nayo safu kwa safu: hojaji ya alama moja mpaka tano, sampuli iliyochukuliwa kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 (watu 1000, sampuli 278), uhusiano wa kiasi fulani kati ya mambo hayo mawili, mapendekezo kwamba wakuu wa shule wapewe mafunzo. Wakati huo huo swali kubwa lenyewe limeshasogea mbele. Mwaka 2008 Viviane Robinson na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwapo wakaonyesha kuwa uongozi unaojishughulisha na ufundishaji ulikuwa na athari mara tatu hadi nne ya ule wa kuhamasisha watu na kuchora maono. Kilichoongoza kabisa kilikuwa kiongozi kushiriki mwenyewe katika kujifunza kwa walimu wake. Kwa hiyo kuuliza tena kama uongozi una uhusiano na ufaulu ni kubisha hodi kwenye mlango uliokwisha kufunguliwa.

"Mwalimu," akasema Profesa, "kwenye meza yako kuna kitu gani kinachokukera kila wiki?"

Nikamjibu bila kufikiri: faili la fomu za kuangalia vipindi.

"Basi twende huko."

Machi 2023

Faili lenyewe. Kila mwalimu anatakiwa kuangaliwa darasani walau mara moja kwa muhula. Anaingia mkuu wa shule, au makamu, au mkuu wa idara. Anajaza fomu, wote wawili wanasaini, fomu inaletwa kwangu, mimi naitoboa matundu mawili na kuifungia kwenye faili. Kazi yangu inaishia hapo. Sijazi, sitoi alama, natunza.

Juu kuna jina la mwalimu, somo, darasa, mada, idadi ya wanafunzi waliopo. Katikati jedwali: andalio la somo, zana, ushirikishwaji, matumizi ya ubao, usimamizi wa darasa, tathmini, kila kimoja alama moja hadi tano. Chini kabisa, mistari mitatu: *Maoni ya mwangalizi*. Halafu saini.

Sinukuu fomu ya mtu yeyote hapa, lakini mwalimu yeyote anaweza kuijaza mistari hiyo akiwa amefumba macho. Somo zuri. Endelea hivyo hivyo. Ongeza zana za kufundishia. Ushirikishwaji wa wanafunzi uboreshwe. Alama zote ni nne, isipokuwa moja ambayo ni tatu, ili ionekane mtu alikuwa anafikiri. Na muhula unaofuata ni mwalimu yule yule, maneno yale yale, pengine kwa mwandiko mwingine.

Ebu fikiria maoni haya: "Swali ulilouliza baada ya mfano wa pili ulilijibu mwenyewe kabla hawajanyoosha mikono. Kesho ukishauliza, hesabu moja mpaka tano moyoni ndipo useme." Hayo yangeingia kwenye mistari ile ile mitatu. Na nyuma yake kuna msingi: Mary Budd Rowe alipima jambo hili miaka ya 1970 akakuta walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakifika sekunde tatu majibu ya wanafunzi hurefuka na wanaojitolea kujibu huongezeka. Anayeingia darasani anaona jambo hilo kwa macho yake. Kwa nini haliandiki?

Swali la utafiti, toleo la kwanza: ni maoni ya namna gani humfanya mwalimu abadilishe kitu kwenye kipindi kinachofuata, na ni nini humzuia kiongozi kuyaandika?

Juni 2023

Mapitio ya maandiko yanakwenda. Nimeingiza kila kitu kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi hata intaneti ikiwa imekatika, na nimejiwekea sharti kwamba makala haiingii bila sentensi mbili zangu mwenyewe chini yake. Bila sharti hilo ningekuwa na maktaba kubwa ya vitu nisivyovijua.

Kluger na DeNisi, 1996, wamenitoa usingizini. Walikusanya vipimo 607 vya athari za maoni juu ya utendaji wa watu. Kwa wastani maoni husaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo hivyo, utendaji ulishuka baada ya maoni. Ulishuka! Maelezo yao ni kwamba maoni yakiivuta akili ya mtu kutoka kwenye kazi na kuipeleka kwenye nafsi yake, yanaharibu. Hattie na Timperley mwaka 2007 walifika karibu na hapo hapo: sifa zinazomhusu mtu mwenyewe ndizo zenye manufaa madogo kabisa. "Wewe ni mwalimu mzuri sana" inapendeza kusikia na haina la kufanya.

Halafu kuna utafiti wa Grissom, Loeb na Master wa mwaka 2013, uliofanyika kwenye shule za Miami-Dade, Florida, Marekani. Waliwafuata wakuu wa shule kama 100 katika miaka mitatu, wakiandika wanachofanya siku nzima. Muda uliokwenda kwenye mambo ya ufundishaji ulikuwa kama asilimia 13. Jumla hiyo ya muda haikutabiri maendeleo ya wanafunzi. Muda wa kumkalisha mwalimu na kumwelekeza ulikwenda pamoja na matokeo mazuri. Zile ziara za haraka za kupita madarasani, ambazo ndizo zilizokula muda mwingi zaidi, zilikwenda pamoja na matokeo mabaya, hasa pale walimu walipoziona hazina uhusiano na kuwasaidia kukua. Nimeichapisha jedwali lake nikaibandika ukutani. Mkuu wa shule akipita ofisini kwangu huwa anaitazama na kuendelea na safari yake.

Jambo la pembeni. Profesa hurudisha rasimu zangu kwa namna mbili. Kuna zinazorudi na neno moja moja pembeni: "Fafanua." "Chanzo?" "Kwa hiyo?" Na kuna zinazorudi na sauti aliyojirekodi akisoma ukurasa wangu, akisimama pale alipopotea, akisema amepotea kwa sababu gani. Zile za maneno mafupi huwa nazishughulikia zote siku moja na rasimu inabaki ile ile, imenyooshwa tu. Za sauti hunichukua wiki, na rasimu inayotoka ni nyingine. Michael Moore, aliyejenga nadharia ya umbali katika elimu masafa, alisema umbali unaopaswa kutusumbua haupimwi kwa kilomita. Unatokana na kiasi cha mazungumzo, jinsi muundo wa kozi unavyobana, na uhuru alionao mwanafunzi. Nimemweka kwenye mapitio upande usiotarajiwa, kuelezea mkuu wa shule na mwalimu ambao ofisi zao zimetenganishwa na ukuta mmoja.

Septemba 2023

Nimetetea pendekezo kwa video. Limepita na marekebisho madogo. Mjumbe mmoja alitaka "nadharia zaidi", mwingine alitaka nadharia ipunguzwe. Nimemridhisha wa kwanza kwenye sura ya pili na wa pili kwenye sura ya tatu.

Januari 2024

Maadili ya utafiti. Nilikuwa nimeipangia kazi hii nafasi ndogo, nayo imechukua majira mazima. Naandika kwa kirefu kwa sababu kila anayetafiti mahali anapofanyia kazi atakutana nayo.

Kamati iliuliza swali moja ambalo sikuwahi kulisikia kwenye semina. Fomu zilizomo kwenye faili lako, walimu walimpa nani? Walimpa mwajiri, kwa ajili ya usimamizi wa kazi. Mimi ninazo kwa sababu ya cheo changu. Mtafiti asiye na cheo hicho asingeziona. Nikizitumia bila kuomba, nitakuwa nimepitia mlango wa ofisi kuingia kwenye utafiti. Na nikiomba, nani atanikatalia? Mwalimu ambaye ratiba yake ya vipindi naipanga mimi, ambaye nikimpa vipindi vya mwisho Ijumaa atavifundisha, huyo "ndiyo" yake ina uzito gani? Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, ile ya Marekani juu ya maadili ya kutafiti watu, ambayo kamati nyingi bado zinaegemea kanuni zake, inadai ridhaa iwe ya hiari, isiwe na shinikizo. Shinikizo halihitaji mtu kukunja uso. Ratiba inatosha.

Tulichokubaliana baada ya kuandikiana sana: shule yangu inatoka kwenye utafiti mkuu. Nitafanyia kwenye shule nne nyingine ambako sina cheo wala sauti. Kwetu nitafanya jaribio dogo tu la mwongozo wa uchambuzi, na hata hapo mimi siombi ridhaa. Anaomba mwenzangu asiye na mamlaka juu ya walimu. Anabaki na orodha ya waliokubali na waliokataa, anafuta majina kwenye nakala, ndipo ananipa. Sijui nani alikataa, na sitajua. Kwenye shule nne, ruhusa ya mkuu wa shule inanifungulia lango, lakini kila mwalimu anaamua mwenyewe kuhusu fomu yake na kuhusu mahojiano. Mwangalizi naye anaombwa ridhaa, maana maneno ni yake. Hilo la mwangalizi nililiongeza mwenyewe na kamati ikalisifu, basi nami nilifurahi siku nzima.

Wenzangu wawili kwenye kundi wamegoma kutoka kwenye shule zao, wanasema uzamivu wa tatizo la kazini maana yake ni kazini kwako. Naelewa. Lakini tatizo naweza kulitoa kwangu na ushahidi nikautafuta kwingine, na tasnifu haipungui kitu.

Mei 2024

Kibali kimetoka na ukusanyaji umeanza, na hapa ndipo neno "unyumbufu" limeonyesha mfupa wake. Likizo yangu ndiyo likizo yao. Ninapokuwa huru kusafiri, shule zimefungwa. Zinapofunguliwa, nina vipindi. Mtu wa benki anayesomea uzamivu anaweza kuchukua likizo akaenda shuleni siku ya kazi. Mwalimu hawezi. Kozi zilikuwa nyumbufu kweli, na sikuwa na shida nazo. Kukusanya data hakuna unyumbufu wowote, kunafuata kengele.

Nimegawa hivi. Fomu zinapigwa picha huko huko shuleni na mtu aliyeteuliwa, majina yakiwa yamefunikwa kwa karatasi kabla ya picha. Mahojiano na walimu ni kwa simu, jioni, wao wakichagua siku. Nimeomba ruhusa ya siku chache za katikati ya muhula kwa ajili ya kufika kila shule na kuonana na waangalizi ana kwa ana, kwa sababu kiongozi kwenye simu huongea kama anasoma hotuba. Vipindi vyangu vya siku hizo vimeshikwa na wenzangu na nimeshaanza kuvilipa.

Kuna kitu kwenye simu za jioni ambacho sikukitegemea. Walimu wanaongea zaidi kuliko ambavyo wangeongea tukiwa ofisini kwao. Wanakuwa wamevua viatu, kazi imekwisha, hakuna anayepita mlangoni. Ubaya wake ni unukuzi: saa moja ya mazungumzo inakula saa nne au zaidi za kuandika. Programu za kunukuu sauti nimejaribu. Kwa Kiswahili cha simu chenye mwangwi, muda wa kusahihisha unakaribia muda wa kuandika mwenyewe. Na kupeleka sauti iliyorekodiwa ya mtu aliyekuamini kwenye seva usiyoijua ni suala la kamati tena. Naandika mwenyewe.

Agosti 2024

Nanukuu. Hakuna cha kusema.

Oktoba 2024

Uchambuzi wa maoni yaliyoandikwa. Kila maoni yanapewa misimbo: yanahusu mtu, kazi, au mbinu? Yanataja tukio maalumu la kipindi? Yanasema la kufanya baadaye? Mwenzangu wa kundi amekubali kuweka misimbo sehemu ya maoni bila kuona yangu, ili tupime kama tunaona kitu kimoja. Kipimo ni kappa ya Cohen, ya mwaka 1960, na inafaa kueleweka kabla ya kubonyeza kitufe. Watu wawili wakikubaliana kwa asilimia 80, inasikika vizuri. Lakini kama kwa kubahatisha tu wangekubaliana asilimia 50, basi waliyoyapata juu ya bahati ni 30 kati ya 50 zilizobaki, yaani kappa 0.6. Maoni mengi yakiwa ya aina moja, bahati inapanda na kappa inashuka hata kama mnaelewana.

Kwetu ugomvi ulikuwa kwenye "Ongeza zana". Yeye aliipa msimbo wa hatua ya baadaye, kwa kuwa ni agizo. Mimi niliikatalia: zana zipi, za mada gani, lini? Tumeandika kanuni mpya kwamba hatua ya baadaye ni ile ambayo mtu wa tatu angeweza kuingia darasani na kusema imefanyika au haijafanyika. Baada ya kanuni hiyo tumekaa sawa.

Desemba 2024

Mahojiano ya waangalizi yamenigeuza. Nilikuwa nimejiandaa kuandika kwamba maoni ni mepesi kwa sababu viongozi hawana muda, au hawajafunzwa, na sura ya tano ingejiandika yenyewe: mafunzo yatolewe. Muda wanautaja, ndiyo. Lakini mkuu wa idara mmoja, na ruhusa ya kunukuu ninayo, alisema hivi:

"Nikiandika kwamba alijibu swali lake mwenyewe, hilo linakaa kwenye faili. Miaka mitatu baadaye anaomba kupandishwa daraja, mtu asiyemjua anafungua, anasoma hilo tu. Kwa hiyo namwambia mdomoni, kwenye fomu naandika somo zuri."

Nikarudi kwenye mahojiano mengine kwa jicho hilo, na limo kila shule kwa maneno tofauti. Walimu nao wanalijua. Nilipowauliza ni maoni gani yaliwahi kubadilisha kipindi chao, waliotaja kitu walitaja maneno waliyoambiwa wakitembea kutoka darasani. Karatasi hakuna aliyeitaja. Wengine walikumbuka neno lenyewe, mwanafunzi aliyekuwa anahusika, hata upande wa ubao.

Kwa hiyo mistari ile mitatu ina wasomaji wawili. Mmoja ni mwalimu, anayehitaji ukweli mdogo na wa karibu. Mwingine ni faili, na nyuma ya faili yuko mtu wa vyeo. Anayeandika akiwaona wote wawili huandika kwa ajili ya yule anayeweza kudhuru. Ulegevu wa maoni, kumbe, ni namna ya kumlinda mwenzako. Mafunzo ya uandishi wa maoni hayataugusa, kwa sababu wanajua kuandika, wamechagua.

Uandishi wa tathmini unaovuta pande mbili, kukuza na kuhukumu, umejadiliwa sana kwenye fani hii, na sidai kuuvumbua. Ninachoweza kuongeza ni jinsi mvutano huo unavyofanya kazi ndani ya mistari mitatu, na kwamba ukweli haupotei: unahamia mdomoni, kwenye korido, mahali ambapo mwalimu wa taaluma hawezi kuutoboa matundu. Shule ambayo mwangalizi na mwalimu hawatembei pamoja baada ya kipindi, hapo ndipo unapotea kabisa.

Nilimpelekea Profesa kurasa hizi. Akanijibu kwa sauti, na mwishoni akacheka: "Mwalimu, umeshaona ninachoandika kwenye ripoti yako ya maendeleo ya kila mwaka?" Nimekwenda kuifungua. Fomu ya idara ya uzamivu, nafasi ya maoni ya msimamizi, mwaka jana: *Maendeleo ya kuridhisha*. Mwaka huo huo ambao sauti zake zilikuwa zinaniambia sura ya pili haina uti wa mgongo.

Machi 2025

Sura ya nne imekamilika kwa rasimu. Nimeipanga kwa kufuata safari ya maoni, kutoka jicho la mwangalizi mpaka faili, na nimeacha mpangilio wa shule kwa shule uliokuwa kwenye pendekezo. Profesa anaona sehemu ya korido ni ndefu. Nitaipunguza kidogo, si sana.

Mkuu wa shule amesikia habari za matokeo, sijui kwa nani, na anataka fomu yetu ikatwe vipande viwili: alama ziende kwenye faili, maoni yabaki na mwalimu, hata mimi nisiyaone. Ameniuliza kama aanze muhula huu au asubiri nimalize. Nimemwambia aanze. Profesa amekubali kwa sharti kwamba chochote kitakachotokea kwetu hakiingii kwenye tasnifu hii, kwa kuwa shule yetu haimo kwenye kibali. Itakuwa utafiti mwingine, wa mtu mwingine pengine. Makamu hapendi mpango huo; anauliza, kama maoni hayamo kwenye faili, tutajuaje kama waangalizi wanaandika chochote? Ni swali zuri na sina jibu lake kwenye data yangu. Naliweka kwenye sura ya tano chini ya mipaka ya utafiti.

Yaliyobaki kabla ya kuwasilisha: sura ya tano, ukaguzi wa ufanano wa maandishi, uteuzi wa mtahini wa nje, na kupunguza maneno mpaka kikomo cha chuo. Sura ya nne naituma Jumatatu. Ripoti ya maendeleo ya mwaka inatakiwa Ijumaa, na wiki inayofuata ni ya mitihani, imepigwa mstari.